Asali ya Kweli na Karatasi ya Chupa

Leo tutasoma habari za Ulaya, jinsi watu walivyopatana juu ya jina la chakula.

Zamani kila nchi ya huko ilikuwa na sheria yake. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilipotaka kuuziana vitu bila vizuizi, ilibidi zikubaliane: asali ni kitu gani? Mwaka 1974 zilitoa amri ya asali. Mwaka 1975 zikafuata za maji ya matunda na maziwa ya kopo na ya unga. Mwaka 1979 ya jamu. Mwaka 2001 zote ziliandikwa upya.

Asali, yasema amri, ni kazi ya nyuki, isitiwe kitu kingine. Lakini wadanganyifu hawakukoma. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba katika asali 320 zilizopimwa, zote zilizotoka nje, 147 zilishukiwa kutiwa maji ya sukari. Je, mfuga nyuki mwaminifu atashindanaje na bei ya sukari?

Tena karatasi ya chupa iliweza kusema tu, "mchanganyiko wa Ulaya na nje." Basi mwaka 2024 sheria ilibadilishwa: kuanzia tarehe 14 Juni 2026, kila nchi ilikotoka asali itajwe, na sehemu zake kwa mia. Jamu nayo, kwa kawaida, kila kilo itengenezwe kwa matunda gramu 450, si 350 kama kwanza.

Mnaona, ndugu, sheria hii humfaa yule awezaye kusoma.

Swali la darasani: Kwa nini muuzaji mwaminifu naye huitaka sheria hii?