Zakayo na Deni la Jirani: Toba, Neema na Kurudisha

Katika mikutano mingi ya injili Afrika Mashariki leo, kuokoka kuna utaratibu wake unaojulikana. Mahubiri yakiisha, watu huambiwa wafumbe macho. Anayetaka kumpokea Yesu hunyoosha mkono, kisha hupita mbele. Pale huongozwa sala ya toba, maneno machache machache akiyarudia, na baada ya "amina" mhudumu mwenye daftari huandika jina, namba ya simu na mtaa anaokaa. Siubezi utaratibu huo, kwa maana wengi wameanzia pale maisha mapya kwelikweli. Lakini yuko mtu asiyetajwa katika sala ile wala katika daftari lile, naye ni aliyekosewa: mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, kibarua aliyedhulumiwa ujira. Ninadai hapa kwamba toba isiyomfikia mtu huyo, ilhali ingeweza kumfikia, ni toba iliyoishia njiani. Nadai pia kwamba kusema hivyo hakuipunguzi neema.

Habari ya Zakayo katika Luka 19 yafaa isomwe kwa kufuata mpangilio wake. Katika aya ya 5 Yesu anamwita mkuu huyu wa watoza ushuru wa Yeriko ashuke mtini, na kujialika nyumbani kwake, kabla Zakayo hajaungama lolote. Watu wananung'unika. Ndipo, katika aya ya 8, Zakayo anasimama na kuahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Katika aya ya 9 Yesu anatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Anayefikiri fidia hununua wokovu anakwama kwenye aya ya 5, kwa sababu mwenye nyumba alikwisha kupokewa. Anayefikiri wokovu hauigusi mifuko ya mtu anakwama kwenye aya ya 8. Wapo wafasiri, Joseph Fitzmyer akiwa mmoja wao, wanaoisoma kauli ya Zakayo kuwa utetezi wa mtu aliyekwisha kuzoea kutenda hivyo. Sishawishiki. Aya ya 10 inasema Mwana wa Adamu alikuja kukitafuta kilichopotea. Kama Zakayo alikuwa mwadilifu siku zote, aliyepotea katika nyumba ile ni nani?

Kiwango anachokitaja nacho kina uzito. Torati, katika Hesabu 5:7, inamtaka mkosaji anayeungama arudishe kitu chote na kuongeza sehemu ya tano. Mara nne ni adhabu ya Kutoka 22:1, ya mwizi aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza. Zakayo angeweza kuomba hesabu nyepesi ya anayeungama kwa hiari, lakini alijipimia ya mwizi aliyekamatwa. Hakuna aliyemlazimisha. Aliyeonja kupokewa bure hana tena sababu ya kujitetea, na hapo ndipo ninapoiona neema ikifanya kazi.

Uamsho wa Afrika Mashariki uliielewa hoja hii kabla ya wengi wetu. Chimbuko lake kubwa lilikuwa Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, baada ya daktari Joe Church na Simeoni Nsibambi kusoma Maandiko na kuomba pamoja Namirembe, Uganda, mwaka 1929. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alifundisha Gahini hadi kifo chake mwaka 1936. Moto ule ulisambaa Uganda, Kenya na pande za Bukoba. Ndugu wa Uamsho walikiri dhambi kwa majina yake, kisha wakaenda kutengeneza: walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni waliyokuwa wamekana, waliomba radhi kwa watu waliokuwa wakiwachukia. Ni kweli pia kwamba mahali pengine kukiri hadharani kuligeuka kipimo cha kuwahukumia wengine, na asiyekiri kama wao akaonekana hajavunjika. Kasoro hiyo ilikuwa halisi na iliumiza watu. Hata hivyo haibatilishi kile walichokiona sawasawa, kwamba jirani ni sehemu ya toba.

Pingamizi zito zaidi ni mnyang'anyi wa Luka 23, aliyeahidiwa paradiso bila kurudisha hata senti. Kisa chake kinathibitisha kwamba wokovu hautegemei fidia, nami nakikubali chote. Lakini mtu yule alikuwa ametundikwa msalabani, akikiri kwamba adhabu yake ni ya haki. Mwenye miguu ya kwenda, na shamba la mwenzake bado limo katika jina lake, ataegemeaje kisa hicho?

Ugumu halisi uko kwingine. Rwanda, nchi iliyouzaa Uamsho, ndiyo iliyoona mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na wapo waliouawa makanisani. Katika gacaca, mahakama za kijamii zilizosikiliza kesi za mauaji hayo na kufungwa mwaka 2012, kuungama kuliweza kumpunguzia mtu adhabu, na waliopora au kuharibu mali waliamriwa kulipa. Fidia nyingi hazikulipwa. Uhai haurudishiki. Na pale ukoo mzima ulipoangamia, hata ng'ombe aliyeporwa hana wa kurudishiwa. Hesabu 5:8 iliwaza hali ya namna hii: aliyekosewa akiwa hayupo, wala hana jamaa wa karibu wa kupokea, malipo humwendea Bwana kupitia kuhani. Kifo cha mdai hakikufuta deni. Mkosaji aliendelea kudaiwa kiasi kile kile, pamoja na ile sehemu ya tano.