WMF (Windows Metafile)

WMF, kwa kirefu Windows Metafile, ni umbizo la faili za picha lililobuniwa na kampuni ya Microsoft, ambalo sasa limepitwa na wakati. Faili yake si rundo la nukta za rangi kama picha ya kamera, bali ni orodha ya amri: chora mstari, jaza rangi, andika herufi. Kompyuta huzitekeleza moja baada ya nyingine, kwa hiyo picha yenyewe ni programu ndogo. Michoro mingi iliyokuja na Microsoft Word ilikuwa ya aina hii. Aliyechapishiwa kadi ya mchango wa harusi steshenari, iwe Kariakoo au Miembeni mjini Bukoba, huenda ameyaona maua ya michoro hiyo.

Uwezo huo wa kutekeleza amri ndio ulioiponza WMF. Mwishoni mwa Desemba 2005 iligundulika kwamba amri ya SETABORTPROC, iliyokusudiwa kusitisha uchapishaji, iliweza kuendesha msimbo wowote uliofichwa ndani ya picha. Kuitazama tu kulitosha kuambukiza kompyuta. Mtaalamu Ilfak Guilfanov alitoa kwanza kiraka chake cha kuziba kasoro hiyo. Microsoft ilitoa chake tarehe 5 Januari 2006.

WMF ni ya biti 16. Mrithi wake, EMF, ni wa biti 32.