Kilima Kinachoitazama Nairobi

Ukisimama Bustani ya Uhuru jijini Nairobi, tazama pande mbili. Mashariki, katikati ya jiji, lipo Jumba la Mikutano la Kenyatta, lililokamilika mwaka 1973. Geuka nyuma, uinue macho: ndiyo Upper Hill, penye mnara wa Britam wa mita 200, uliokamilika 2017.

Reli ilipofika mwaka 1899, maofisa wa Kizungu walijengewa makazi huko kilimani, penye hewa safi. Vibarua Waafrika na Wahindi wakabaki chini, penye kinamasi. (Ramani nayo hutawala!) Nyingi za nyumba hizo zimebomolewa, zikayapisha majumba ya benki na bima. Hata hivyo, fika alfajiri: utawaona wafagiaji na walinzi wakikipanda kilima kwa miguu.