Kikombe cha Njiti

Reli ya tawi kutoka Kaliua ilipofika Mpanda mwaka 1950, iliyafuata madini ya risasi. Mgodi ukaja kufungwa, treni ikabaki, na mji ukaendelea kukua. Leo Nsemulwa ni moja ya kata za Manispaa ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012.

Mkoa huu una sababu ya pekee ya kujali habari za njiti, yaani watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 uliukuta ukiongoza nchini kwa mimba za utotoni: kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito. Na mama ambaye mwili wake bado unakua yumo katika hatari kubwa zaidi ya kujifungua kabla ya wakati.

Njiti akizaliwa, watu huuliza kwanza kama anapumua. Swali la pili huja baada ya saa chache: atakula nini, na kwa njia gani?

Kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi ni kazi tatu, na mtoto aliyetimiza miezi yake huzipanga bila kufundishwa. Njiti hajui bado. Kwa kawaida kazi hizo huanza kwenda pamoja sawasawa mimba inapokaribia wiki ya 34. Kabla ya hapo mtoto anaweza kunyonya mara mbili tatu, akasahau kupumua, akapaliwa. Maziwa yakiingia mapafuni, chakula kimegeuka ugonjwa.

Wafaransa walilikabili tatizo hili mapema. Mwaka 1880 daktari Stéphane Tarnier aliweka visanduku vya kutia joto watoto katika hospitali ya uzazi ya Paris, na baada ya miaka michache akaanza kuwalisha wadhaifu kwa mpira mwembamba unaoshuka hadi tumboni. Mpira huo haujatoka wodini mpaka leo. Muuguzi huunganisha bomba la sindano lisilo na kisukumio, analiinua juu kidogo, maziwa yanateremka yenyewe polepole. Mwanafunzi wa Tarnier, Pierre Budin, aliona jambo jingine: mama akitenganishwa na mtoto wake, maziwa hukauka na hamu ya kumlea hupungua. Hilo halikusikilizwa sana. Visanduku vilisambaa duniani, na mama akabaki nje ya kioo.

Mpira hushibisha, ila haumfundishi mtoto kula. Kwa miaka mingi daraja la kutoka kwenye mpira kwenda kwenye titi lilikuwa chupa, na chupa ilikuja na maradhi yake. Chuchu ya mpira ni ngumu kuiosha pasipo maji safi na kuni za kutosha, na maziwa ya kopo yalizimuliwa na waliokuwa hawana fedha za kununua mengine. Mwaka 1981 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti biashara ya maziwa ya kopo. Miaka miwili baadaye, Wizara ya Afya ya Kenya iliagiza hospitali ziache kugawa maziwa hayo bure.

Chupa ikitoka, kiingie nini? Kikombe. Wodi za watoto wachanga nchini Kenya zilikuwa zikilisha njiti kwa kikombe maziwa ya mama zao, na mwaka 1987 makala ya kitaalamu ilizieleza hatua hizo kwa wasomaji wa ng'ambo. Mwaka 1994 wataalamu wa Exeter, Uingereza, nao waliandika kwamba hata mtoto wa wiki 30 anaweza kulishwa kwa kikombe. Ni nadra kuona maarifa yakisafiri kuelekea upande huo, na yafaa kusemwa wazi.

Kwa macho kazi yenyewe ni ndogo. Mtoto hukalishwa nusu wima, ukingo wa kikombe ukagusa mdomo wake wa chini, maziwa yakafika midomoni tu. Hamiminiwi. Ulimi hutoka, huramba, hurudi. Anapumzika, anapumua, anaanza tena. Yeye ndiye mwenye kupanga mwendo, na mkono wenye haraka humpalia. Katikati ya milo huwekwa kwenye titi lililokwisha kukamuliwa, ili ajaribu kunyonya bila kuzidiwa na mkondo wa maziwa. Tone la dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, hupakwa mdomoni hata kwa yule ambaye bado yuko kwenye mpira.

Shule ya pili ni kifua. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey wa Bogotá, Colombia, aliyekuwa na watoto wengi kuliko visanduku, aliwafunga njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Tanzania ilipokea matunzo hayo, yaitwayo ya kangaruu, kisha ikasaidia kuyapima. Hospitali ya Muhimbili ilikuwa moja ya hospitali 5, pamoja na za Ghana, India, Malawi na Nigeria, zilizofuatilia watoto zaidi ya 3,200 wenye kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Waliobebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja watulie kwanza, walikufa asilimia 12.0 katika siku 28. Waliongojewa, asilimia 15.7. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaubadilisha mwongozo wake.

Kifua hicho lakini kina mwenyewe, naye ana njaa. Mama wa njiti hukamua maziwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, kwa wiki kadhaa. Mwaka 2025 sheria za kazi za Tanzania ziliongeza likizo kwa aliyejifungua njiti. Ni hatua njema, ingawa mkulima wa mahindi hana mwajiri wa kumwomba likizo.

Kwa hiyo anayetoka Nsemulwa kwenda kumwona mzazi wodini ampelekee uji wa moto na kanga safi ya kumbebea mtoto. Chupa ya kunyonyeshea aiache dukani.