Stara ilikuwa na wenyewe

Unguja ya karne ya 19, hadhi ya mwanamke ilijulikana kabla hajafungua kinywa. Mjakazi alijifunga kaniki, pamba iliyotiwa nili ikawa nyeusi, au merikani, pamba ghafi iliyoletwa kwa meli kutoka Marekani. Alitembea miguu mitupu, kichwa wazi. Ushungi na viatu vilikuwa vya waungwana. Stara, ambayo leo tunaihesabu kuwa pambo la kila mwanamke wa pwani, ilikuwa na wenyewe.

Sheria nayo iliwabagua wanawake. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Masuria hawakuguswa. Walihesabiwa kama wake, wakabaki majumbani mwa mabwana zao hadi amri nyingine ilipotoka mwaka 1909.

Walioachwa huru hawakungoja kufundishwa uungwana. Waliacha kaniki, wakanunua kanga, vazi lililokwisha kushamiri pwani. Doti ilikuwa na vipande viwili: kimoja cha kujifunga, cha pili cha kujitanda. Kichwa kilichokatazwa ushungi sasa kilifunikwa. Likaja na buibui, likavaliwa na binti wa bwana na binti wa mtumwa vilevile.

Aliyepanda juu zaidi ni binti aliyezaliwa Fumba mnamo 1880, katika familia ya asili ya utumwa, akapewa jina Mtumwa. Aliuza vyungu kabla ya kuhamia mjini na kuimba taarabu. Mwaka 1928 alipokwenda Bombay kurekodi santuri, alijulikana kwa jina la Siti binti Saad.

Miaka 21 baadaye, Mfaransa Simone de Beauvoir alichapisha kitabu Le Deuxième Sexe, akidai kwamba kuzaliwa hakutoshi. Jamii ndiyo inayomfinyanga mtu akawa mwanamke. Historia ya Unguja inamuunga mkono, tena inamwongezea neno: jamii hiyohiyo ilifinyanga wanawake wa namna mbili, bibi na mjakazi, na waliodharauliwa wakajifinyanga upya.

Basi ukimsikia mtu akisema mwanamke wa pwani yuko hivi tangu jadi, muulize: mwanamke yupi, na wa mwaka gani?