Unene wa mtutu na shabaha ya bunduki

KATIKA kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ulinzi wa vijiji, visima na mifugo iliyo mbali na vituo vya polisi umetegemea kwa miaka mingi polisi wa akiba. Hawa ni raia wa kujitolea wanaokabidhiwa silaha na serikali. Silaha zenyewe hutofautiana: huyu hupewa bunduki kuukuu ya .303 aina ya Lee-Enfield, yule G3, na mwingine bunduki ya muundo wa AK.

Silaha hizo hazilengi sawa. Sababu mojawapo inayotajwa sana ni unene wa mtutu, ule mrija wa chuma ambao wengine huuita kasiba. Wengi huamini kwamba mtutu mnene ndio wenye shabaha. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote.

Suala hili haliwahusu wanajeshi na wawindaji pekee. Mwaka wa 2001, wazee na viongozi wa wilaya za kaskazini walikubaliana katika Azimio la Modogashe kuwa fidia ya mwanamume aliyeuawa iwe ng'ombe au ngamia 100, na ya mwanamke 50. Risasi iliyokusudiwa mwizi wa mifugo ikimpata mpita njia, jamaa nzima huweza kufilisika au uhasama mpya ukazuka.

Mtetemo

Baruti inapowaka, gesi yenye nguvu huisukuma risasi ndani ya mtutu. Mitaro iliyochongwa humo kwa mzunguko huizungusha risasi ili isiyumbe hewani. Kwa muda huo mfupi, usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde, mtutu wenyewe hutetemeka kama ufito uliogongwa. Risasi hufuata upande ambao mdomo wa mtutu unaelekea wakati inapotoka.

Mtutu mnene hutetemeka kidogo zaidi. Chukua mitutu miwili ya urefu sawa yenye tundu la milimita 7.62, mmoja ukiwa na kipenyo cha nje cha milimita 16 na mwingine milimita 20. Ukakamavu wa huo wa pili ni takriban mara mbili u nusu ya ule wa kwanza. Hata hivyo, uzito wake nao huzidi kwa asilimia 70 hivi.

Mtetemo ukiwa ule ule kila mara hauharibu shabaha, kwani risasi zote huenda upande mmoja na mlengaji huweza kurekebisha kilengeo chake. Ndiyo maana mtutu mwembamba uliotengenezwa vyema huweza kuipeleka risasi ya kwanza pale pale ambapo mtutu mnene ungeipeleka.

Joto

Tofauti hujitokeza risasi zinapofuatana. Kila risasi huacha joto katika chuma, na mtutu mwembamba, kwa kuwa una chuma kichache, hupata moto upesi. Chuma cha moto hutanuka. Kisipotanuka sawa pande zote, ama kwa sababu ya mkazo uliobakia tangu kiwandani au kwa sababu ubao wa bunduki unakigusa upande mmoja, mtutu hupinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho.

Kosa la sentimita 5 katika umbali wa mita 100 huwa sentimita 15 katika mita 300. Hilo latosha kumkosa fisi na kumjeruhi ngamia aliye karibu naye.

Garissa iko nyanda za chini kando ya Mto Tana, na joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Bunduki iliyokaa juani huanza kazi ikiwa na joto tayari, kisha hupoa polepole. Mtutu mnene nao una upungufu wake: huchelewa kupata moto, lakini ukishapata huchelewa kupoa.

Mifano ya silaha

Lee-Enfield No. 4, iliyotumiwa na wanajeshi wa Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili, ilikuwa na mtutu mnene kuliko mtangulizi wake. Mwaka wa 1944 utengenezaji wa No. 5 ulianza, bunduki fupi kwa ajili ya vita vya msituni. Chuma kilipunguzwa, na uzito ukashuka kutoka kilo 4 hivi hadi kilo 3.2. Wanajeshi walilalamika kwamba bunduki hiyo ikisharekebishwa haikudumu na shabaha ile ile. Chanzo hubishaniwa hadi leo, na unene wa mtutu ni mojawapo tu ya mambo yanayotajwa. Utengenezaji ulikoma mwaka wa 1947, ingawa bunduki hiyo ilitumika nchini Kenya wakati wa vita vya Mau Mau.

Bunduki za muundo wa AK zilienea mpakani baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka nchini Somalia mnamo Januari 1991. Mtutu wa AK-47 una urefu wa milimita 415. RPK, bombomu nyepesi ya ukoo huo huo, ilipewa mtutu mnene zaidi wa milimita 590 kwa sababu hufyatua risasi mfululizo. Nayo Bren, bombomu iliyotumiwa na kikosi cha King's African Rifles, iliundwa ili mtutu uliopata moto ubadilishwe upesi vitani.

G3 ilifuata njia tofauti. Mtutu wake wa milimita 450 haugusani na kishikio cha mbele, kwa hivyo mkono wa askari hauusukumi kando.

Uzito na utunzaji

Kama mtutu mnene una faida hizi, mbona bunduki zote zisipewe? Jibu liko miguuni. Anayefuata ngamia kutwa akiwa amebeba maji na silaha huhisi kila nusu kilo, na mikono iliyochoka huharibu shabaha kuliko mtutu mwembamba.

Isitoshe, bunduki kuukuu nyingi hukosa shabaha kwa sababu zisizohusu unene kamwe: mitaro iliyolika, mdomo wa mtutu uliogongwa, mchanga, kilengeo kilicholegea, au risasi za aina mchanganyiko. Mtutu mnene uliolika haufai kitu mbele ya mwembamba uliotunzwa.

Kwa anayebeba silaha nyepesi, risasi ya kwanza ndiyo ya kuaminika zaidi, na baada ya chache mtutu huhitaji kupumzika. Kwa wanaogawa silaha, lililo muhimu ni kumpa mlinzi nafasi ya kuijaribu bunduki yake uwanjani, ikiwa baridi na ikiwa moto, kabla ya kumtuma kisimani kulinda watu.