Mtoto Mlangoni pa Hospitali

Fikiri kwamba kijana wa miaka 14 amefika peke yake usiku katika hospitali moja ya Kisumu. Mguu wake umevunjika na damu inamtoka. Baba yake yuko ziwani anavua. Mama yake amelala Homa Bay kwa biashara ya samaki. Daktari anataka kumpasua. Ni nani atakayetoa idhini?

Swali hili lina historia. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Urusi. Ghasia zilizuka, risasi zikafyatuliwa katika umati ambao watoto wa shule walikuwamo. Serikali ilitaja watu 11 kuwa wamekufa. Wengine husema walizidi. Hospitali hiyo, ambayo leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, ilifunguliwa basi katika siku ya majeraha. Siku kama ile mzazi hutafutwa asionekane.

Sheria ilisemaje wakati ule? Mtu alihesabiwa mtoto mpaka atimize miaka 21. Kenya ilishusha umri huo kuwa miaka 18 katika mwaka 1974. Mwaka ule ule wa 1969 Uingereza ilimruhusu kijana wa miaka 16 kuridhia matibabu yake mwenyewe, lakini ruhusa ile haikuvuka bahari, maana Kenya ilikwisha kuwa dola huru. Kanuni ya Adhabu, iliyotungwa mwaka 1930, ilimkinga daktari: akipasua kwa nia njema, kwa uangalifu na ustadi, kwa faida ya mgonjwa, hana hatia ya jinai. Tazama vema: kinga ilikuwa ya daktari. Mtoto hakuwa na haki ya kudai. Alitegemea huruma na ushujaa wa yule aliyemkuta zamu.

Mwaka 2010 mambo yaligeuka. Katiba ilitamka kwamba mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura, na kwamba katika kila jambo limhusulo mtoto, maslahi yake yatangulie. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaongeza kwamba ridhaa yaweza kuachwa ikiwa kukawia kutaleta kifo au madhara yasiyoponyeka. Ngao ya daktari imekuwa haki ya mtoto.

Je, mzazi amepokonywa mwanawe? La, hasha! Haraka haraka haina baraka: maradhi yawezayo kungoja humngoja mzazi, kwa kuwa yeye ndiye amjuaye mtoto na atakayemuuguza nyumbani. Lakini damu inapomwagika, ngoja ngoja huumiza matumbo.

Nawe msomaji, huenda siku moja ukawa mtu pekee aliye karibu na mwenzako aliyeumia. Mpeleke upesi, useme kweli yote uijuayo, kisha umtafute mzazi wake. Utaratibu ni huo: kwanza uhai, halafu sahihi.